Kabla Hujasema Staa Anaringa, Soma Hii ya Mdogo Wangu wa Kariakoo

Leo hakuna picha za sherehe wala habari za nani kamwacha nani. Nimekuja na la kwangu, na naanza kwa kujishtaki mwenyewe.

Mnaikumbuka ile klipu niliyoiweka humu wiki 3 zilizopita, ya yule msanii wa bongofleva (jina kapuni, kama kawaida yetu) akihojiwa? Mtangazaji anamuuliza, "Mashabiki wako wasubiri nini kutoka kwako?" Jamaa anajibu, "Wimbo." Kimya. Anaulizwa tena, "Unajisikiaje kurudi nyumbani Dar?" Anajibu, "Sikuondoka." Muda wote macho yako kwenye kikombe cha chai. Mtangazaji anacheka ili kumwokoa, yeye hacheki. Mimi nikaipa kichwa cha habari kwamba umaarufu umempanda kichwani. Mkaja kwa wingi kweli kweli, komenti zikapita 400. "Anaringa." "Dharau hizo." "Kwao hawakumfundisha kuongea na watu." Mmoja akaandika kwamba ni bangi. Sitaficha, nilifurahi. Kwa kazi yetu hii, komenti 400 ni sikukuu.

Usiku ule mama akanipigia. Mama hana habari na wasanii, klipu ilimfikia kwenye grupu la wasapu la kikoba chao. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hivi baba, ukimtazama yule kijana, humwoni mdogo wako?"

Nikakosa cha kujibu. Nilimwona. Kusema ukweli nilimwona tangu sekunde ya 10, nikaweka klipu hivyo hivyo.

Ngoja niwape stori ya mdogo wangu. Ana miaka 19 sasa na ameniruhusu niandike, kwa masharti mawili: jina lake nisiliweke, na nisiongeze chumvi.

Tumekulia Kariakoo, nyumba ya kupanga mtaa wa Sikukuu, vyumba vinane, uani mmoja, bomba moja, kelele saa 24. Kwenye uani ule watoto wote waliongea mapema, maana usipoongea hupati hata zamu ya choo. Yeye alifika miaka 3 anasema maneno machache sana. Bibi akasema ni udata, akakatwe. Mnajua mambo ya udata, ile nyama ya chini ya ulimi. Akapelekwa kwa mzee mmoja akakatwa, akalia wiki nzima, na kuongea hakuongea. Wengine wakasema watoto wa kiume wanachelewa. Shangazi akasema kuna mtu kamfunga ulimi, tukazunguka huko pia, hela zikaenda.

Halafu siku moja akaanza kuongea, uani wote tukaitana. Alikuwa anasema, "Mbagala Mbagala Rangi Tatu, siti zipo!" Sauti ile ile ya mpiga debe, mkwaruzo ule ule, hata kile kikohozi cha katikati. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Wakawa wanamwita mbele ya wageni, "Hebu ita gari!" na yeye anaita. Nilikuwa mmoja wa waliomwita sana, nilimtembeza mpaka kwa marafiki zangu kama redio.

Miaka mingi baadaye ndiyo tukaja kuelewa kwamba neno "siti zipo" alikuwa halitumii ovyo. Alilisema akiwa amekaa mwenyewe kwenye ngazi. Alikuwa anamwambia mtu njoo ukae na mimi. Alikuwa ameokota sentensi iliyo tayari, iliyomfanya mpiga debe apate watu wa kukaa, akaitumia kwa kazi hiyo hiyo. Na sisi tukawa tunacheka na kuondoka.

Alivyokua maneno yakaja, tena mengi. Leo akianza kukueleza treni za SGR, mabehewa mangapi, zinapita stesheni gani kwa mpangilio upi, utaomba poo. Matamshi safi, Kiswahili kimenyooka kuliko changu. Shida yake haiko kwenye kutamka. Shida iko kwenye kupokezana mazungumzo na mtu, na kwenye yale mambo ambayo watu wanamaanisha bila kuyasema. Na Kiswahili chetu, jamani, nusu yake ndiyo hayo.

Jirani yuko anakula, unapita, anasema "karibu chakula." Wewe unajua jibu ni "ahsante, nimeshiba" hata kama tumbo linanguruma. Mdogo wangu alinawa mikono akakaa, akala ubwabwa wa watu na samaki akamgeuza upande wa pili. Alikuwa na miaka 12. Yule mama hakumkaribisha tena maisha yake yote, na akatangaza kwa wapangaji kwamba sisi tuna njaa. Shuleni mwalimu alimuuliza, "Unadhani mimi ni mjinga?" Akafikiria kidogo, akajibu, "Hesabu unajua, Kiingereza hujui." Viboko. Sitaitaja shule. Mwalimu aliona kiburi, darasa likaona shujaa, na yeye mpaka leo anauliza, kama hakutaka jibu aliuliza ya nini?

Kilichotufikisha mwisho ni duka. Anko wetu anauza mabegi Narung'ombe, akamchukua amsaidie baada ya kumaliza shule. Kama hujawahi kuuza Kariakoo nikwambie kitu kimoja, pale bidhaa ya kwanza ni mdomo. Bei haijabandikwa. "Bei ya mwisho" siyo ya mwisho, ni ya kuanzia. Mteja akisema "mbona kwa jirani ni bei chini" anajua anadanganya, na wewe unajua kwamba anajua. Ni mchezo, na wote tumezaliwa ndani yake.

Mwezi wa kwanza dada mmoja akashika begi, akasema, "Nifanyie bei nzuri kaka yangu." Mdogo wangu akamjibu, "Bei nzuri kwetu ni elfu 25, kwa sababu sisi tumelinunua elfu 14." Yule dada akaondoka nalo kwa elfu 15 na akasifu duka lina mtu mkweli. Anko alitaka kulia.

Lakini iliyoniuma mimi ni nyingine. Mama mmoja alichagua begi la shule, akalipapasa, halafu akasema, "Ngoja nizunguke kidogo, nakuja." Muuzaji yeyote wa Kariakoo anajua hiyo ni kwaheri. Mdogo wangu alilitoa begi mbele, akaliweka pembeni, wateja wawili wakalitaka akawanyima, kwamba lina mwenyewe. Jioni anko anafunga, yeye anakataa kutoka. Watu wanafunga mtaa mzima, mkaa na mishikaki vinaanza kuwashwa, mtu yuko mlangoni na begi mkononi anasema, "Amesema anakuja." Anko akanipigia nikamchukue. Nilipofika alikuwa anatetemeka, na siyo baridi, Dar hii baridi itoke wapi. Alikuwa anaona kwamba sisi ndio tunataka kumfanya awe mwongo kwa yule mama.

Kuanzia pale ndiyo nikajua kuna kitu kinaitwa tiba ya usemi na lugha. Mimi ni mtu wa kidato cha nne, kwa hiyo nawapa kwa lugha ya kwetu. Wengi tukisikia tiba ya usemi tunafikiria kigugumizi, au mtoto anayesema "lelo" badala ya "redio." Hiyo imo. Imo pia kazi ya watu waliopata kiharusi wakapoteza maneno. Hata wale watoto waliowekewa vifaa vya kusikia ndani ya sikio pale Muhimbili, huduma iliyoanza 2017 baada ya miaka mingi ya kupelekana India, wanaihitaji, kwa sababu kifaa kinaleta sauti tu, kuigeuza ile sauti kuwa lugha ni mazoezi. Lakini kuna tawi lingine ambalo hapa mjini halisemwi kabisa, la watu ambao sauti wanayo na maneno wanayo, kinachowapa shida ni matumizi. Kuanzisha stori. Kujua zamu yako imefika. Kujua mwenzako amechoka na treni zako. Kutofautisha utani na matusi. Kuongea na mwenye duka tofauti na unavyoongea na mshikaji.

Mara nyingi hali hii inakwenda pamoja na usonji. Usonji ulianza kuandikwa kitabibu 1943 na daktari Leo Kanner huko Marekani, aliyeeleza habari za watoto 11. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sasa chukua hesabu hiyo uipeleke kwenye umati wa mtaa wa Kongo Jumamosi ya mwisho wa mwezi, uniambie umewapita wangapi ukawaita washamba. Ila siyo kila mwenye shida hii ana usonji. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani walipotoa mwongozo wao mpya waliiweka shida ya mawasiliano ya kijamii peke yake, kwa watu ambao wanapata tabu ya kutumia lugha na wenzao lakini hawana zile dalili nyingine za usonji, kama kurudiarudia vitu au kuumizwa na kelele. Kwa hiyo kazi ya kumwambia mtu ana nini ni ya mtaalamu, siyo ya komenti. Na yule staa wangu wa kikombe cha chai simpimi, msije mkaniandikia "kumbe ana usonji" kesho ikawa ndiyo habari ya mjini. Labda alikuwa na usingizi. Labda kafiwa. Labda ni mtu wa maneno machache tu, na hilo halijawahi kuwa ugonjwa.

Ninachosema ni kwamba sisi tuna jibu moja tu kwa hali zote hizo: dharau. Hatuna la pili. Na angalia tulivyo vigeugeu. Nyumbani mtoto akimkazia macho mkubwa anaambiwa hana adabu, inamisha macho useme shikamoo. Akikua akawa staa, asipomkazia macho mtangazaji tunasema anaringa. Jamaa ainamishe lini, akaze lini, nani alimpa ratiba?

Turudi kwa mdogo wangu. Tulimpata mtaalamu kwa kuunganishwa na mama mmoja wa kikoba ambaye mjukuu wake anasoma kwenye kitengo cha watoto wenye usonji, Msimbazi Mseto, shule ya msingi ya serikali hapa hapa Ilala. Wataalamu hawa ni wachache na ndiyo ukweli wa kuumiza kuliko wote. Afrika Mashariki yetu shahada ya fani hii ilianza kufundishwa Makerere, Kampala, mwaka 2008, juzi tu, wakati wasanii wengine mnaowaita wakongwe walishastaafu. Siku hizi MUHAS pale Upanga nao wana shahada ya mambo ya masikio na usemi, kwa hiyo vijana wetu wanasomea hapa hapa. Lakini ukilinganisha na watoto waliopo, bado ni maji ya kikombe kwenye pipa. Na hela inauma. Kila kikao kilikula faida ya siku 2 za duka, sisemi uongo, na anko ndiye aliyelipa vikao vya mwanzo, yule yule aliyetaka kulia.

Nilidhani atafundishwa kuongea kama mimi. Nilikaa kwenye kikao cha kwanza na yule dada mtaalamu hakugusa hata ulimi wake. Kwanza aliuliza kama masikio yamewahi kupimwa. Miaka 18, hayakuwahi! Bibi alikata udata, shangazi akatafuta mchawi, hakuna aliyewaza masikio. Yakapimwa, yako sawa, tukaendelea. Halafu akamwambia mdogo wangu amweleze siku dukani inavyokwenda, na kila alipofika kwenye neno lililomchanganya, wakaliandika kwenye kadi. "Nifanyie bei nzuri." "Ngoja nizunguke." "Wewe si wa hapa nini?" "Umeniua kaka." Nyuma ya kadi wakaandika maana yake inavyoweza kuwa na cha kujibu. Kadi ya "nakuja" nyuma ina sheria: subiri nusu saa, kisha rudisha begi kwenye shelfu, hujamdanganya mtu. Hiyo nusu saa aliichagua mwenyewe. Dada alisema ni muhimu achague yeye.

Wakafanya na hadithi fupi fupi za kuandika, za kueleza tukio na kwa nini watu wanafanya wanavyofanya. Huo ni mtindo ulioanzishwa na mwalimu mmoja wa Marekani, Carol Gray, miaka ya mwanzo ya 1990, ila hadithi za mdogo wangu zina mishikaki na machinga. Ile ya "karibu chakula" aliisoma akacheka, mara ya kwanza. Akasema, "Kwa hiyo ni salamu. Kwa nini isingesemwa kwamba ni salamu?" Kwa sababu salamu ndiyo anaziweza kuliko sisi wote. Shikamoo, marahaba. Hujambo, sijambo. Habari za asubuhi, nzuri. Zina jibu lake, hazibadiliki, kwake ni raha. Mtaalamu alizitumia hizo kama mlango, ukishapita salamu unaongeza swali moja, kisha unangoja jibu, kisha lingine.

Kilichonishangaza zaidi ni kikao cha nne, ambacho hakikuwa cha mdogo wangu. Kilikuwa cha anko na mimi. Yule dada alikuja dukani akasimama pembeni saa nzima, halafu akamwambia anko, kwa adabu sana, "Baba, wewe ukitaka afagie unasema 'hapa pachafu eeh.' Yeye anakubali kwamba ni pachafu, basi. Mwambie fagia." Anko akabaki anamtazama. Kesho yake akasema, "Fagia hapa," na pakafagiwa. Miezi yote ya kugombana, na dawa ilikuwa neno moja.

Kumbe hili limeandikiwa na wasomi. Damian Milton wa Uingereza, ambaye mwenyewe ana usonji, mwaka 2012 aliandika kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili, sisi tunavyolalamika kwamba hawatuelewi ndivyo na sisi tusivyowaelewa. Na mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichapisha jaribio ambalo ni kama ule mchezo wetu wa utotoni wa kunong'onezana neno mpaka linafika mwisho limekuwa kitu kingine. Waliwapanga watu 8 kwa 8 wapokezane hadithi. Mistari ya watu wenye usonji watupu ilifikisha hadithi vizuri sawa na ya watu wasio na usonji. Iliyopotea zaidi ni ile ya mchanganyiko. Maana yake hawa watu siyo kwamba hawajui kuwasiliana. Panapokatika ni pale wao na sisi tunapokutana, na pale tupo wawili.

Najua kuna mdau anaandika sasa hivi kwamba zamani haya mambo hayakuwepo. Yalikuwepo. Yalikuwa na majina mengine, na yote mabaya: zezeta, zuzu, taahira, mwehu, mwenye mapepo. Kila mtaa wa Kariakoo ulikuwa na wake, tukamrushia maganda ya machungwa.

Mwingine atasema ni mambo ya wenye hela. Hapo nakubali nusu. Hela inahitajika, na hospitali nyingi za mikoani mtaalamu huyo hayupo. Lakini kwa vile ni wachache, sehemu kubwa ya kazi yao ni kumfundisha mzazi na mwalimu, kwa sababu wao wana mtoto kila siku na mtaalamu ana dakika 45. Kukaa chini usawa wa macho ya mtoto, kusubiri kwa kuhesabu mpaka 10 kabla hujajibu kwa niaba yake, kufuata anachopenda yeye badala ya kumlazimisha chako, haya hayana risiti. Uani kwetu kulikuwa na watu wazima 20. Tungekaa kwenye ngazi mara moja kila mmoja...

Haya tuendelee. Mzazi unayesoma, usisubiri kama sisi. Mtoto wa mwaka 1 ambaye haoneshi kitu kwa kidole wala hapungi mkono, wa miezi 16 hana neno hata moja, wa miaka 2 haunganishi maneno mawili ya kwake mwenyewe, au mtoto wa umri wowote aliyekuwa anaongea akaacha, mpeleke hospitali, anza na masikio. Udata daktari auangalie kabla ya wembe wa mtu yeyote. Kusali sali, mama yangu bado anamwombea kila usiku, ila clinic nenda. Na akitokea mtu anakuuzia dawa ya kumaliza usonji kwa chupa 3, kimbia, dawa hiyo haipo duniani.

Watu wazima nao wamo. Baada ya ile klipu alinijia faraghani dada mmoja wa filamu, mnamfahamu, huwa mnasema anapita watu kama haoni. Hakunitukana. Akaniandikia kwamba mahojiano yote aliyowahi kufanya anayafanyia mazoezi siku 2 mbele ya kioo na mdogo wake, maswali wanaomba mapema, na kwamba akikuta swali ambalo halikuwemo kichwa kinakuwa cheupe. Kwenye hafla anapita bila kusalimia kwa sababu hajui salamu itaishia wapi. "Kuigiza naweza," aliandika, "pale nimepewa maneno." Nje huko watu wakubwa wameanza kusema. Elon Musk alisimama kwenye Saturday Night Live Mei 2021 akatamka mwenyewe kwamba ana Asperger, ambayo siku hizi inahesabiwa ndani ya usonji. Huku kwetu anayesema namjua mmoja, na alisema kwangu kwa siri, akaniomba nifute meseji.

Kila tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani, mastaa wetu wanavaa bluu. Lukiza Autism Foundation wanaandaa mbio zao hapa Dar, watu wanakimbia, picha nzuri, na mimi naziweka humu kwa roho safi. Mei inafika, klipu ya mtu asiyecheka inatufikia, tunaila. Nimefanya hivyo miaka 4 mfululizo, nimerudi nyuma nikahesabu. Klipu 9. Mahojiano, harusi, mtoto wa staa fulani aliyeziba masikio kwenye shoo nikaandika "mtoto wa mjini hapendi muziki wa baba yake." Zote nimezishusha juzi usiku. Meneja wa yule msanii nimemtumia ujumbe wa kuomba radhi, akajibu kwa dole gumba. Sawa tu, sikuomba zaidi. Kuanzia sasa klipu ya mtu kushindwa kuongea haiwekwi humu, hata ikiletwa na nani. Najua namba zitashuka. Zikishuka sana mtanikuta Narung'ombe nauza mabegi.

Mdogo wangu bado yuko dukani. Kwa wateja wa kupatana anakaa anko, yeye ana stoo, na tangu aishike stoo hakuna begi limepotea, anajua kila rangi iko rafu ya ngapi. Mteja wa jumla wa kutoka Songea hataki kuongea na mtu mwingine, anasema huyu kijana akikwambia mzigo upo, upo. Bado kuna siku mbaya. Wiki iliyopita mteja alimwambia "umeniua kaka" na kadi ilikuwa nyumbani.

Nimemsomea andiko hili kabla ya kuliweka. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anatazama feni. Kisha akasema kuna kosa. Lile begi la yule dada bei yake ilikuwa elfu 26, siyo 25. Nikamwambia haibadilishi kitu. Akasema inabadilisha elfu 1. Kwa hiyo wadau, ilikuwa elfu 26.